Sauti Isitoke Kama Ndani ya Sanduku

Kwetu Minembwe wimbo unatembea mbali kuliko mtu. Tangu 2017 vita vimetawanya jamaa nyingi: wengine wako Baraka, wengine kwenye machimbo, wengine katika kambi ya Nyarugusu kule Tanzania. Kijana anaimba na gita, anarekodi na telefone, anamtumia mama yake. Lakini mama akisikiliza, maneno hayashikiki. Sauti inatoka kama ya mtu aliyefungiwa ndani ya sanduku.

Vijana wanasema, "Ni telefone mbaya." Mara nyingi telefone haina kosa, kosa liko katika chumba. Sauti inakimbia karibu mita 340 kwa sekunde moja. Inaingia moja kwa moja katika mikro, halafu ingine inagonga ukuta na kurudi. Kama ukuta uko mita moja nyuma ya mikro, hiyo ya pili inachelewa sehemu 6 tu katika elfu moja za sekunde. Sikio haliwezi kuzitenganisha. Zinachanganyika, nyingine zinavimba, nyingine zinafutika. Zile zinazotuchosha ni za katikati, kati ya hertzi 300 na 600. Ndiyo hiyo sauti ya sanduku.

Piga kofi moja ndani ya chumba. Ukisikia mlio mfupi unabaki kati ya kuta, usiimbe hapo hivi hivi. Simamisha godoro nyuma ya mwimbaji, lingine pembeni, na uliache mbali kidogo na ukuta, kama kipimo cha mkono. Pazia jepesi halitoshi, linameza sauti nyembamba tu. Huku kwetu kwenye baridi mablanketi mazito hayakosi. Yakunje mara mbili, yatundike. Usisimame kwenye pembe ya nyumba, wala katikati kabisa.

Sasa mikro. Telefone usiilaze juu ya meza, kwa sababu meza nayo inarudisha sauti. Iinue, itundike. Kwa gita, usiielekeze kwenye tundu. Pale sauti nzito inanguruma. Ielekeze pale shingo inapokutana na mwili wa gita, sentimita 20 au 30. Mdomo nao ukae umbali kama huo, kidogo pembeni.

Mkiwa na programu ya kusawazisha sauti, punguzeni karibu na hertzi 400, desibeli 3 tu, mkisikiliza. Mkikata sana, sauti inakonda na uimbaji unakosa moyo. Dawa ya programu inakuja mwisho, si mwanzo.

Tena, msidhani lazima mashini za bei kubwa. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda kule Jadotville, mji wa machimbo unaoitwa leo Likasi. Mtu mmoja, sauti yake na gita, komputa hakuna. Wimbo wake "Masanga" ulijulikana mbali na Katanga, na hata leo unasikia vidole vinavyotembea juu ya nyuzi.

Basi vijana, kabla ya kuuza mbuzi ili mnunue mikro mpya, sogezeni godoro kwanza. Rekodini mara mbili, sikilizeni, linganisheni. Mzazi aliye mbali hatafuti ufundi. Anataka kusikia neno la mtoto wake, lote, bila kubahatisha.