Faida ya Kutu

Shimoni ni mji wa bahari, na bahari ni mama wa kutu. Nanga, misumari ya mashua na mabati ya nyumba zetu huliwa na chumvi pole pole.

Siku moja mwanafunzi aliniletea msumari uliojaa kutu, akauliza, "Mwalimu, kutu ina faida gani?" Nikajibu, "Haina." Darasa likacheka, naye akaketi kimya. Jibu langu lilikuwa fupi kwa sababu elimu yangu ilikuwa fupi.

Mwaka 1972 Wajapani wawili, Akira Fujishima na Kenichi Honda, walitangaza kwamba bamba la oksidi ya titani, likiunganishwa na platini majini na kuangazwa, huyatenga maji yakawa oksijeni na haidrojeni, gesi iwakayo bila moshi. Lakini oksidi hiyo hutumia miale ya urujuanimno tu, sehemu ndogo ya nuru ya jua. Kutu iliyookwa kwa moto mkali huwa hematiti, nayo hupokea hata nuru tuionayo kwa macho. Tena ni rahisi kupatikana.

Hata hivyo hematiti ina kasoro. Nuru ikiipiga, elektroni huruka na kuacha pengo ambalo wataalamu huliita shimo. Shimo hilo halina budi kufika penye maji ili oksijeni itoke. Lakini husafiri nanomita chache tu, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Kisha elektroni hurudi kulifukia. Tabaka nene hunasa nuru na kupoteza mashimo. Tabaka jembamba huokoa mashimo na kupoteza nuru.

Wataalamu hawakuitupa. Waliisimamisha mfano wa fito nyembamba zilizosongamana, ili nuru ipenye mbali na shimo lisafiri karibu. Waliitia titani kidogo ipitishe umeme vyema, wakaipaka kobalti kuharakisha oksijeni. Hata sasa huhitaji msaada wa umeme mwingine, na kazi haijakwisha.

Msomaji, aijuaye kasoro ya kitu yu karibu na dawa yake. Aidharauye hukosa vyote viwili. Nilimwita mwanafunzi yule mbele ya wenzake, nikamweleza haya. Alisikiliza, kisha akauliza, "Na maji ya chumvi je, Mwalimu?"

Safari hii nilisema, "Sijui. Tutafute pamoja."