Lami Ilinitoa kwenye Kashata

Mimi nilikuwa mtu wa kashata. Mtu angeniambia kuna tairi jingine la kufunga nyuma kwenye pikipiki ya Kilolo, ningejua huyo ni mgeni, amekuja msibani na kesho anarudi zake Dar. Kashata, kwa asiyekaa kijiweni, ni lile tairi lenye meno makubwa yaliyoachana. Ukibeba watu na mizigo kati ya Dabaga, Idete na Bomalang'ombe, tangu mvua zinapoanza Novemba hadi zinapokata Aprili, huhitaji kuhubiriwa faida yake. Udongo wetu mwekundu ukilowa unanata na kuteleza kwa wakati mmoja. Tairi lenye mistari ya karibu karibu hujaa tope mzunguko wa kwanza tu, na kuanzia hapo unaendesha donge la udongo. Kashata hulitema tope na kuchimba mpaka likute ardhi ngumu. Palipozidi tunafunga minyororo tairi la nyuma, abiria anashuka, tunasukuma.

Kwa hiyo ninayoyasimulia si habari za mtu aliyekuwa hajui kitu. Kashata ilinilisha.

Nilianza na pikipiki ya bosi. Anayejua kazi hii anajua tairi la pikipiki ya bosi ni la nani: bosi anasema unalichakaza wewe, ulinunue wewe, wewe unasema chombo ni chake, na kipara kinazidi kung'aa. Tukichoka kubishana tulikuwa tunalichonga, fundi anapitisha kisu cha moto kwenye mifereji iliyokwisha ili lionekane lina meno. Linaonekana hivyo kweli, ila kilichokatwa ni unene uliokuwa unazikinga nyuzi za ndani. Nilipopata Boxer ya mkataba, spea zote zikawa juu yangu, na hapo nikaanza kuliangalia tairi kwa jicho la mwenye mali.

Kilichonibadilisha ni lami. Barabara ya kutoka Ipogolo kuja Kilolo ilikuwa ya vumbi kiangazi na ya tope masika tangu nizaliwe. Lami ilipoanza kutandazwa tulishangilia, na bado nashangilia, maana mgonjwa anafika Iringa mjini akiwa bado anaongea. Lakini kashata haikuumbiwa lami. Kwanza inalia, mngurumo unaousikia mpaka kwenye meno. Pili inaliwa katikati upesi, kwa sababu uzito wote unakaa juu ya vidonge vichache vya mpira. La tatu ndilo lililonifungua macho.

Ilikuwa asubuhi ya manyunyu, zile mvua zetu nyembamba zinazokuja na ukungu. Nilikuwa nimembeba mama mmoja mtu mzima na gunia lake la njegere, tunateremka kuelekea Ipogolo, Mto Ruaha Mdogo uko chini yetu. Lami ilikuwa imelowa kidogo tu, na huo ndio wakati wake mbaya, mafuta na vumbi vikiwa bado havijaoshwa. Nikagusa breki ya nyuma kwenye kona. Nyuma ikahama. Haikuwa sana, labda upana wa kiganja, kisha ikashika tena. Mama hakupiga kelele. Alinigonga begani taratibu akasema, "Mwanangu, simamisha. Mimi hapa nitatembea." Nikamsihi, akakataa, akajitwisha gunia lake kichwani akashika njia pembeni ya barabara. Nikabaki namfuata kwa gia ya kwanza mpaka palipokuwa tambarare, ndipo akakubali kupanda. Nauli alilipa nusu, na sikuwa na la kusema.

Kwenye tope jino linachimba. Kwenye lami hakuna cha kuchimba. Kinachokushika ni mpira uliolala juu ya barabara, na kashata ina mpira mdogo uliolala, uliobaki ni nafasi tupu kati ya jino na jino. Hilo ningeweza kulijua bila ya mtu kuniambia, nilikuwa nimekaa juu yake miaka.

Basi nikaanza kutafuta. Ukitangaza kijiweni kwamba unatafuta tairi la lami, kila mwenye simu anakuwa mtaalamu. Vijana walikuwa na picha za wale wazungu wanaopita barabara kuu ya TANZAM na mapikipiki makubwa, masanduku ya bati huku na huku, wakitoka Misri wakienda Afrika Kusini. Ukikaa Ilula siku moja huwakosi. "Unaona tairi lile? Ile ni radiali. Haitelezi ile." Na mjini Iringa kweli nililikuta moja kwa muuzaji wa vitu vilivyotumika, pana, jeusi, laini ubavuni, limeandikwa 17. Pikipiki yangu nayo ni 17. Nilishaanza kupiga hesabu ya kulilipia nusu nusu.

Nilipitia kwanza kwa baba mdogo, ambaye ni fundi hapa Kilolo tangu enzi za Honda za mabwana shamba.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Kamwene. Nimesikia unataka kufunga tairi la ndege."

Hakunicheka zaidi ya hapo. Alichukua tairi bovu la pikipiki na kipande cha tairi la gari dogo, akavibana kwenye jiriwa, akavikata kwa msumeno wa chuma. Kisha akanipa nishike. Tairi letu la pikipiki, ndani ya mpira, lina nyuzi za nailoni zilizolala mshazari, tabaka moja linaelekea huku, jingine linalikata kuelekea kule, kama milulu kwenye kikapu cha mama zetu. Ubavu na mgongo vimesukwa pamoja, vyote vigumu. Lile la gari, nyuzi zake zilikuwa zimenyooka kutoka ukingo mmoja wa rimu hadi mwingine, hazikatani, na juu yake, chini ya mpira wa kukanyagia, umepita mkanda wa waya. Hiyo ndiyo radiali. Ubavu unanepa peke yake na mgongo unabaki umelala bapa barabarani. Joto linakuwa dogo, na tairi halivimbi mwendo ukiwa mkali. Michelin wa Ufaransa ndio walioisajili mwaka 1946 kwa ajili ya magari. Pikipiki zilisubiri mpaka miaka ya 1980, na zilizoanza kuivaa ni zile zenye mbio.

"Sasa hilo 17 ulilosoma," baba mdogo akasema, "ni kimo cha rimu tu. Upana umeusoma?"

Sikuwa nimeusoma. Lile la mjini lilikuwa 180/55 ZR17: milimita 180 kwa upana, na linataka rimu yenye upana wa inchi 5.5. Langu la nyuma ni 3.00-17, inchi tatu basi, na rimu yangu haifiki hata inchi 2. Kimo kimoja, miili miwili tofauti. Hata ningelilazimisha, lingegusa cheni upande mmoja na mkono wa chuma upande wa pili. Hiyo herufi R iliyo kati ya namba ndiyo alama ya radiali. Letu lina kistari mahali pake, 3.00 kistari 17, na kistari hicho kinakwambia nyuzi ni za mshazari. Ukishakijua hutaacha kukiona.

Tena kuna jambo ambalo picha za simu haziwezi kukuonyesha. Tairi la mshazari lina ubavu mnene, na ubavu wa pikipiki ya Kilolo unagongwa na mawe, visiki vya misindano na kingo za mifereji kila siku ya Mungu. Uzuri wa radiali unaonekana zaidi ukienda kasi. Mimi nikiwa na mbao nyuma sizidi kilometa 40 kwa saa. Radiali ni tairi zuri sana, na wanaosema ni mbwembwe za wazungu hawajui wanachosema, lakini tairi zuri kwenye pikipiki isiyo yake ni mzigo. Na mwenye pikipiki kubwa asije naye akachanganya, mbele radiali na nyuma mshazari, bila ya mtengenezaji kuruhusu. Kila tairi linajibu kona kwa tabia yake.

Baada ya hapo baba mdogo alinifundisha kusoma ubavu wa tairi langu lenyewe, na hapa ndipo nilipookoka, kama ndugu zangu wa kanisani watanisamehe kuliazima neno lao.

Dukani nilionyeshwa matairi mawili, yote 3.00-17, yote meusi, yanafanana kama hujakaribia. Moja limeandikwa 45P, jingine 50P na mbele yake 6PR. Muuzaji aliniambia tofauti ni bei. Kumbe namba 45 maana yake tairi linabeba kilo 165, na 50 ni kilo 190. Kilo 25 zaidi, debe la mahindi na chenji. Kwa mtu anayepakia mshikaki, abiria zaidi ya mmoja, na gunia la viazi juu yake, debe hilo ndilo linaloamua kama nyuzi zitakatika ndani kabla meno hayajaisha. Nimewaona wengi wakitupa tairi lenye uvimbe ubavuni wakidai ni feki. Mengine ni feki kweli. Mengine yalibebeshwa kisichokuwa chake. Hiyo 6PR ni kipimo cha nguvu, inashinda 4PR, ingawa siku hizi haimaanishi kwamba ukilipasua utahesabu matabaka sita. Na P ni spidi, kilometa 150 kwa saa, ambayo Kilolo haina mahali pa kuitumia.

Halafu kuna namba nne ndani ya kijiduara kirefu, pale palipoandikwa DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 3219 ni wiki ya 32 ya mwaka 2019. Zamani tairi lililoning'inizwa nje ya duka likipigwa jua nilikuwa naona ni bidhaa iliyopangwa vizuri. Jua linakausha mpira, na mpira uliokauka hauishiki lami hata meno yakiwa mapya kabisa. Vijana wetu nao wana tabia ya kulipaka tairi mafuta ling'ae. Ubavuni haya, ingawa sipendi. Lakini kuna mmoja hapa hapa kijiweni alipaka mpaka sehemu ya kukanyagia, akaondoka kwa mbwembwe.

Nililolichagua si kashata na si la mistari. Katikati lina vidonge vilivyokaribiana, karibu vishikane, kwa hiyo lami inakutana na mpira; pembeni vidonge vimeachana kidogo kwa ajili ya tope. Ni 3.00-17, 6PR, 50P, la tyubu. La tyubu kwa sababu rimu zangu ni za spoku, na upepo utatokea kwenye matundu ya spoku hata ukiliita tubeless mara saba. Wenye rimu za sporti, zisizo na spoku, wana uhuru huo, ingawa mimi tyubu naipenda: pancha ikinipata juu ya Idete, naichomoa, natia kiraka, naondoka.

Kwenye matope makubwa tairi hili halifikii kashata. Siwezi kudanganya. Ndiyo maana kashata langu sikulitupa. Lipo stoo, mbali na jua, na mvua za Januari zikishakolea na kazi ikawa ya Bomalang'ombe zaidi kuliko ya mjini, nalirudisha. Wenzangu wanasema nabadilisha matairi kama viatu vya harusi. Waseme. Kulitoa na kulifunga ni kazi ya muda mfupi ukiwa na vyuma vyako na sabuni ya kipande.

Nilinunua pia kipimo cha upepo, kidogo, kinaingia mfukoni. Kabla ya hapo nilipima kwa kidole gumba kama sote. Gumba haliwezi kutofautisha tairi lenye upepo wa kutosha na lililopungua robo, hasa la 6PR ambalo ubavu wake mgumu unakudanganya limejaa. Na zile kilo 190 ni za tairi lililojazwa inavyotakiwa. Kwenye tope tunapunguza upepo kidogo ili lishike, sawa, ila ukizidisha tairi linazunguka juu ya rimu, tyubu inavutwa, valvu inang'oka. Ukiiona valvu imelala mshazari kwenye tundu lake, simama hapo hapo.

Yule mama wa njegere bado ni mteja wangu. Nauli anaendelea kuipunguza, siku hizi sababu yake ni kwamba njegere zimeshuka bei.

Sasa zamu ni ya tairi la mbele, 2.75-17. Vile vinundu vidogo vilivyo chini ya mifereji, palipo na alama ya TWI ubavuni, vimeshalingana na mpira, maana yake limekwisha hata kama linaonekana lina mistari. Mbele nataka lenye mifereji mirefu ya kupitisha maji, si vidonge, na nitahakikisha mshale wa ubavuni unaelekea linakozungukia. Nililikuta moja Ipogolo wiki iliyopita, bei nzuri, 41P sawasawa. Nikachutama, nikatafuta zile namba nne. Nikamwambia muuzaji nitasubiri mzigo mpya.