Anza na Stima ya kwa Mama Yako

Naro Moru,
Februari 2026

Mpwa wangu,

Mama yako ni mzima, ng'ombe amezaa, mvua bado. Orodha yako ya vifaa vya kuunda kompyuta nimeipata. Juu kabisa umeweka kadi ya grafiki, chini yake kasha la kioo lenye taa za rangi, kisha prosesa, pawa saplai umeitupa mwisho na kuandika "yoyote." Mimi kazi yangu ni kufunga nyaya za nyumba za watu, kwa hiyo utaniwia radhi nikianzia hapo kwenye "yoyote."

Mashine itakaa kwa mama yako, na nyumba yake iko mwisho wa laini. Stima yetu ni volti 240 kwenye karatasi. Saa moja jioni, kijiji kizima kikiwa kimewasha, soketi ya sebuleni nimeipima nikaikuta chini ya 200. Mvua ya Aprili ikija na radi, stima hukatika na kurudi mara kadhaa kabla hujapata tochi, na kule kurudi kwa kishindo ndiko kunakoua vifaa. Zile pawa saplai zinazotolewa pamoja na kasha, zilizobandikwa "wati 500," ziinue tu kwa mkono: nyepesi, maana ndani hamna kitu. Ukiona nyuma kiswichi chekundu cha kuchagua 115 au 230, irudishe rafuni. Iliyo nzuri huandikwa 100–240, na hiyo huvumilia stima ikishuka.

Sasa usinune. Ningekuwa na pesa zako, ningenunua mnara wa ofisini uliotumika, hizi wanazoziita ex-UK: Dell OptiPlex 7060 au HP EliteDesk 800 G4, za mwaka 2018. Pawa saplai ya huo mnara wa Dell imeandikwa wati 260 na ni wati 260 kweli. Hilo peke yake linanitosha. Sisitiza mnara, kwa sababu zile nyembamba hupokea kadi fupi tu, na zile ndogo za kubandikwa nyuma ya skrini hazipokei kadi ya grafiki ya kawaida. Kuunda bado utaunda: utaifungua, uweke kadi, uongeze ramu, ubadilishe diski kuwa SSD. Na ramu inayokuja ndani yake ni faida kubwa mwaka huu, kwa kuwa bei ya ramu mpya imepaa tangu mwishoni mwa mwaka jana, viwanda vikikimbilia kuwauzia wenye vituo vya data vya akili unde. Ila hakikisha ni vipande viwili vinavyofanana, GB 8 na GB 8, vifanye kazi kwa pamoja.

Dukani, barabara ya Luthuli huko Nairobi, watakutajia "i7" kwa mbwembwe. Uliza namba inayofuata. i7-3770 ni ya mwaka 2012, kizazi cha tatu. i5-8500 ina kore sita na ni ya kizazi cha nane, na hapo ndipo Windows 11 inapoanzia kuzikubali rasmi prosesa za Intel. Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo i7 ya kizazi cha tatu unauziwa jina.

Tuje kwenye kadi. Tundu la kadi kwenye mazabodi hutoa wati 75, na mnara wa ofisini kwa kawaida hauna waya wa ziada wa kulisha kadi kubwa. Basi tafuta GTX 1650, au GTX 1050 Ti pesa ikibana, na iwe ile isiyo na tundu la waya wa stima ubavuni, maana baadhi ya GTX 1650 zinalo. Tekken 8 mnayogombania na binamu zako ilitoka 2024, na 1050 Ti ndiyo kiwango cha chini walichoandika wenyewe, pamoja na GB 8 za ramu. Itacheza, ukipunguza urembo wa picha. Zile RX 570 za bei ya kutupa waachie wenyewe: zinataka wati 150, na nyingine zilichimba sarafu ya kidijitali ya Ethereum usiku na mchana hadi Septemba 2022.

Kasha la kioo futa. Hizo taa nani ataziangalia huku, ng'ombe?

Pesa ya kasha inunue kile kifaa cha kulinda friji, kinachokata stima ikishuka au ikipanda na kungoja itulie kabla ya kuirudisha. Ikibaki nyingine, ongeza UPS ndogo. Joto lisikutishe. Kweli hapa tuko takriban mita 2,000 na hewa ni nyepesi, feni ile ile husukuma hewa pungufu kwa kama moja ya tano kuliko Mombasa, lakini baridi ya mlima inafidia. Adui ni vumbi la miezi hii. Ipulize kila baada ya wiki chache, na usiiweke sakafuni.

Tokeni za stima ni za mama yako, kwa hiyo piga hesabu: mashine ya wati 150 ikicheza saa nne inakula yuniti 0.6, bila skrini. Ile ya kwenye orodha yako ingekula zaidi ya mara mbili. Na Tekken yenyewe ni karibu GB 100. Kwa intaneti ya Mbps 10 ni saa 22 za kuishusha, basi ishushe huko Nairobi kabla hujaja.

Dukani waambie waiwashe mbele yako na kuichezesha nusu saa kabla hujalipa, na unitumie picha ya kibandiko cha pawa saplai. Kwenye matatu ipakate, isiende kwenye buti. Mimi Jumamosi naenda kuweka waya wa ardhi kwenye ile soketi, kwa hiyo niambie meza itakaa upande wa dirisha au wa mlango. Mama yako naye anasema ukipita Karatina umletee ndizi za kupika.

Mjomba wako