Mazungumzo Baada ya Kipindi

Nilipoanza kazi Voi, mwishoni mwa miaka ya 1980, walimu wa mazoezi walipokelewa kwa shangwe. Chuo kilipotuletea wawili watatu, wenye madarasa walianza kuhesabu vipindi watakavyopumzika. Asubuhi ya kwanza mgeni alipewa chaki, kitabu na ratiba, akaonyeshwa mlango wa darasa lake, na mwenye darasa akarudi zake chumba cha walimu kusahihisha madaftari.

Siwezi kuwalaumu wenzangu. Mfumo wa 8-4-4 ulikuwa umeanza 1985, darasa la nane limeongezwa, na kilimo, sayansi kimu na kazi za mikono vimejazwa katika ratiba ileile. Shule nyingi za Taita Taveta zilizo mbali na barabara kuu zilitegemea walimu ambao hawajasomea kazi hiyo. Kila mwenye cheti alibeba mzigo wa watu wawili, na mwanachuo alionekana kama nafuu iliyotumwa na Mungu.

Mwanachuo mwenyewe aliogopa kitu kimoja tu, nacho ni siku ya mkaguzi kutoka chuoni. Bila kufaulu mazoezi ya kufundisha hapakuwa na cheti cha ualimu cha P1. Kwa hiyo alitunza somo moja zuri, lenye chati za rangi, akalifundisha mapema na kulificha. Mkaguzi alipokaa nyuma ya darasa na fomu yake, somo lilitolewa tena, na watoto wakajibu swali kabla halijamalizika kuulizwa. Alama zikajazwa, gari likaondoka, na hakuna aliyejifunza lolote siku hiyo. Nimeona mabinti na vijana hodari wakimaliza mazoezi yao bila mtu hata mmoja kuwauliza walichokiona darasani.

Shuleni kwetu aliyeanza kubadilisha mambo ni mama mmoja wa Mbololo aliyefundisha darasa la nne. Alikataa kutoka. Alikaa kwenye dawati la mwisho pamoja na watoto, daftari mapajani, na hakuandika chochote kuhusu mwalimu wa mazoezi. Aliandika habari za watoto: nani amejibu, nani amenakili tu, nani hajafungua mdomo tangu kipindi kianze.

Nakumbuka binti mmoja kutoka bara aliyekuwa akifundisha sehemu. Alikuwa amejiandaa vyema. Alitafuta kamba ya mkonge, zao ambalo watoto wa Voi na Mwatate wanalijua kwa sababu wazazi wao wengi wamelikata, akaikunja mara mbili mbele ya darasa na kupata robo nne. Kisha akaandika ubaoni 1/4 na 1/8, akauliza ipi kubwa. Darasa zima likapaza sauti: moja ya nane! Akasema hapana, akatoa jibu na kuendelea na mazoezi ya kitabuni.

Saa ya chakula yule mama alimwita chini ya mwarobaini. “Mwanangu, kaa tule kwanza,” alimwambia, na pure ya mahindi na maharagwe ikaliwa. Nilikuwa nimekaa nao. Baada ya muda akamuuliza: “Unafikiri kwa nini wote walisema moja ya nane?”

Binti akafikiri. “Kwa sababu nane ni kubwa kuliko nne, Madam.”

“Basi hawakubahatisha. Wana sababu yao. Kamba ilikuwa mikononi mwa nani?”

“Mwangu.”

Kesho yake kila kundi lilipewa kamba yake. Watoto walikunja wenyewe, wakapata robo, wakakunja tena, na kila walipoongeza mkunjo kipande kikawa kifupi zaidi. Wakaanza kubishana wao kwa wao, na binti akawaacha wabishane.

Msaada wa namna hiyo ulihusu pia mambo yaliyo nje ya darasa. Mgeni aliyetaka kuwaadhibu waliochelewa alielezwa kwamba huku kwetu mtoto huweza kuchelewa kwa sababu ndovu kutoka Tsavo wamekaa njiani, na mzazi mwenye busara hamruhusu atoke mpaka wapite. Hilo halimo katika kitabu chochote cha chuoni.

Januari 2003 elimu ya msingi ikatangazwa kuwa bila malipo. Wanafunzi nchini waliongezeka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2 katika mwaka mmoja. Nilishangilia, na bado nashangilia, maana walikuja watoto ambao wangebaki nyumbani. Lakini madarasa yalifurika, na cha kwanza kufa ni mazungumzo ya chini ya mwarobaini. Mwalimu wa mazoezi akarudi kuwa nafuu.

Kilichofufua mazungumzo hayo sikukitarajia. Mwaka 2015 mpango wa kusoma wa Tusome uliposambazwa nchini, maafisa wa mtaala walianza kuja na vishikwambi, wakakaa darasani, wakawasikiliza watoto wakisoma, kisha wakazungumza na mwalimu. Mwalimu wa miaka ishirini kazini naye akakaliwa nyuma ya darasa! Wanachuo waliokuwapo waliona kwamba kuangaliwa na kuulizwa ni sehemu ya kazi hii, na hofu yao ikapungua kuliko ambavyo maneno yetu yangeweza kuipunguza.

Mtaala wa umilisi ulipoanza 2019, na vyuo vikaanza kupokea wanafunzi wa stashahada 2021 badala ya P1, mambo yaligeuka tena. Vijana hawa waliujua mtaala mpya kuliko sisi. Nikajikuta namuuliza mwalimu wa mazoezi jinsi ya kutathmini kazi ya kikundi, naye akiniuliza namna ya kumtuliza mtoto aliyefiwa. Hayo ndiyo mazungumzo ninayoyapenda.

Maazimio ya kazi yanayopatikana tayari kwenye simu siyapendi. Faili limependeza, lakini mwenye faili hawezi kueleza kwa nini somo la Jumatatu limetangulia la Jumanne. Na tangu gredi ya 7 iingie katika shule za msingi mwaka 2023, nimewaona walimu wanagenzi, wenyewe wamehitimu juzi, wakiachiwa kuwalea wanachuo huku wakifundisha masomo ambayo hawakuyasomea. Huo ni uonevu kwa wote wawili.

Nimestaafu, lakini bado nazunguka shule za Voi kuwaomba walimu wakuu jambo moja la ratiba: kipindi kinachofuata kile cha mwanachuo kiachwe wazi kwake na kwa mwenye darasa. Wengine hunijibu kwamba walimu hawatoshi, na ni kweli. Muhula huu mwalimu mkuu mmoja amekubali, Jumanne na Alhamisi. Jumanne iliyopita kijana wa mazoezi na mwenye darasa walijadili kipindi cha Kiswahili cha gredi ya 5, ambapo watoto walisoma ufahamu kwa sauti nzuri kabisa na kushindwa kueleza kilichotokea katika aya ya pili. Alhamisi kijana huyo atafundisha aya hiyohiyo upya, na safari hii watoto ndio watakaotunga maswali.