Biharusi Wetu Hakuwa Akideka

Safari hii tulitoka Unguja hadi Mwanza kumwoza mtoto wa dada yetu, nyumbani kwao Kirumba, karibu na ziwa. Begi la kwanza kufungwa lilikuwa la singo: karafuu, liwa, asumini kavu na mawardi.

Jioni tulimnyonyoa miguu kwa sukari na ndimu. Asubuhi yake tukaanza kumsinga. Mara akalia, "Mama mdogo, inaunguza!" Tukamwambia avumilie, ndoa ina mengi. Tukammwagia maji ya uvuguvugu, yale yale tuliyoogea sisi, akaruka kama aliyeunguzwa. Mmoja wetu akasema anadeka. Shangazi yake, ambaye ni muuguzi, akatunyamazisha: "Hadeki. Ngozi ya leo si ya jana."

Usiku tulikaa kusoma, tukaona haya. Mishipa ya fahamu inayopokea maumivu ina vilango vidogo sana vya protini. Vikifunguka, ayoni za sodiamu na kalsiamu, yaani chembe zenye chaji ya umeme, huingia ndani, na habari hukimbia hadi kwenye ubongo. Kilango kimoja huitwa TRPV1. David Julius na wenzake walikitambua mwaka 1997 walipotafuta kwa nini pilipili huwasha, na mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Ardem Patapoutian. Kwa kawaida hufunguliwa na joto la nyuzi 43 hivi. Lakini ngozi ikichubuka au kuvimba, mwili hutoa kemikali zinazolegeza komeo lake, hata maji ya uvuguvugu yakatosha kukifungua. Vilango vya sodiamu navyo huwa vyepesi kufunguka, basi mguso mdogo ukawa maumivu.

Na karafuu yetu? Mafuta yake hukifungua kilango hicho hicho cha pilipili, ndiyo maana huanza kwa kuwasha. Kisha huzuia vilango vya sodiamu, jino likafa ganzi. Bibi zetu waliijua dawa hiyo zamani. Ila juu ya ngozi iliyochubuka, ule mwanzo wa kuwasha ndio uliomliza mtoto wetu.

Tulimwomba radhi. Akasema kilichomuuma zaidi ni kuambiwa anadeka.

Basi dada zetu, mkinyonyoa, iacheni ngozi ipumzike siku kadhaa kabla ya singo. Jaribuni kidogo mkononi kwanza. Ikiunguza, osheni kwa maji ya baridi. Ikitoa malengelenge au kuvimba, mpelekeni hospitali. Subira ni ibada, lakini maumivu ni amana aliyoiweka Mola mwilini ili tujihadhari. Mwari akisema inauma, tumwamini.

Allah awajaalie mabiharusi wetu wote ndoa zenye utulivu na huruma. Amin.