Stima Yarejea Ngamani

Neno stima lina safari ndefu. Lilipofika pwani lilikuwa jina la meli iendeshwayo kwa mvuke. Baadaye, hasa nchini Kenya, likahamia nchi kavu na kuwa jina la umeme. Hata leo taa zikizimika Mji wa Kale, mtoto wa Kibokoni hupiga ukelele kwamba stima imepotea. Siku hizi neno hilo limerudi baharini, safari hii likiwa ndani ya chombo: katika betri, nyaya, pampu na balbu za majahazi na mashua za matembezi ambazo, jua likishatua, huwachukua wageni katika maji yaliyo baina ya Mji wa Kale na Nyali.

Baharia wa Mvita alirithi jina la kila kitu chomboni. Aliijua omo na tezi, foromali na mlingoti, joshi na demani. Majina hayo hayakuwa pambo la ushairi. Aliyeamriwa gizani kulegeza demani hakuuliza ni kamba ipi, kwani kuuliza kungeweza kugharimu roho za watu. Stima imeingia katika chombo hicho hicho bila ya kupewa heshima hiyo. Nyaya zimekuwa mali ya fundi aliyezifunga, naye fundi akishuka pwani hushuka na elimu yake.

Kosa la kwanza hutokana na faraja ya uongo. Aghalabu betri ya mashua ni ya volti 12, ilhali umeme wa nyumbani ni wa volti 240; basi husemwa kwamba stima ya chomboni haina madhara. Ni kweli kuwa volti 12 ni nadra kumrusha mtu, lakini moto hauhitaji kumrusha mtu. Taa za wati 60 nyumbani huvuta robo ya ampea. Taa za wati hizo hizo chomboni huvuta ampea 5, yaani mara 20. Waya mwembamba uliotolewa nyumbani ukabebeshwa mzigo huo hupata joto, ganda lake likayeyuka, na mbao zilizo karibu zikashika moto. Ndiyo maana fyuzi huwekwa karibu kabisa na betri: kazi yake ni kuulinda waya. Anayeziba nafasi ya fyuzi iliyoungua kwa kipande cha msumari amemfukuza mlinzi na kumwachia mwizi mlango.

Wahenga walinena: tezi na omo, marejeo ni ngamani. Maji yote yaingiayo chomboni huishia huko, na zamani yalifuliwa kwa mikono. Leo kazi hiyo hufanywa na pampu. Pampu hiyo yapasa iunganishwe na betri kwa njia yake yenyewe na fyuzi yake yenyewe, ili mlinzi azimapo swichi kuu na kwenda kulala, pampu ibaki macho. Nyaya nyingine zipite juu, mbali na ngama, kwani maji ya chumvi hupitisha umeme na huila shaba mpaka ikageuka kijani. Betri nayo, ikichajiwa, hutoa haidrojeni, gesi ilipukayo kwa cheche moja. Kasha lake lisikose tundu la kupumulia upande wa juu.

Liko pia suala la karamu. Wageni hutaka muziki, taa za rangi na vinywaji baridi, na vyote hivyo hunywa katika betri. Chombo chenye betri moja tu huweza kuburudisha watu hadi usiku wa manane kisha kikashindwa kuwasha injini. Kanuni za kimataifa za mwaka 1972 zinadai taa nyekundu kushoto, ya kijani kulia na nyeupe nyuma, tangu machweo hadi macheo. Zikizimika, mvuvi aliye ndani ya mtumbwi wake hana la kumwonya. Kwa hiyo betri ya injini hutengwa na ile ya starehe.

Alfajiri ya tarehe 2 Septemba 2019, mashua ya wapiga-mbizi iitwayo Conception iliungua karibu na pwani ya California, Marekani, wakafa watu 34 waliokuwa wamelala chini ya sitaha. Wachunguzi hawakuweza kuthibitisha chanzo cha moto, ingawa nyaya za chombo na betri zilizokuwa zikichajiwa zilikuwa miongoni mwa vilivyoshukiwa. Walichothibitisha ni kwamba hapakuwa na mtu wa zamu.

Hapo ndipo lugha inapoingia. Kiswahili si maskini wa istilahi za umeme; tangu 1990 TUKI ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Nahodha tayari analo neno mkondo, kwa maji na kwa umeme pia. Lakini chomboni swichi nyingi zina maandishi ya kigeni au hazina maandishi kabisa, na baharia huelekezwa kwa kidole. Moshi ukitanda, kidole hakionekani. Basi mwanafunzi wa Kiswahili anayetafuta kazi ya maana ateremke Bandari ya Kale, aketi na manahodha na mafundi, wakubaliane majina, kisha wayaandike kwa rangi isiyofutika juu ya kila swichi: pampu ya ngama, taa za njia, betri ya injini, swichi kuu.