Mguu wa Bandia Huchakaa



Mimi ni bwana shamba. Ninakaa Nyasho, mjini Musoma. Leo sisemi juu ya mbolea. Nasema juu ya wazee wetu waliopigana Vita vya Kagera.

Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivamia nchi yetu. Askari wetu na mgambo waliyafukuza. Mwezi Aprili 1979 waliingia Kampala. Tulishinda, lakini wengine walirudi na ulemavu.

Baba yangu mdogo ni mmoja wao. Anaishi kijijini, wilaya ya Butiama. Alikatwa mguu chini ya goti, akapewa mguu wa bandia.

Je, msaada uliishia hapo? La. Mguu wa bandia huchakaa kama jembe. Nacho kigutu, yaani sehemu ya mguu iliyobaki, hukonda. Mguu ukipwaya huchubua ngozi na kuleta kidonda. Baba mdogo aliuvua, akakaa nyumbani. Shamba likaota magugu.

Mafundi wa miguu hiyo wapo. Chuo cha kuwafundisha kilianzishwa KCMC, Moshi, mwaka 1981. Lakini Moshi ni mbali, na nauli ni kubwa.

Wanakijiji walitaka kumpa unga. Yeye akasema, "Nifikisheni kwa fundi. Unga nitalima mwenyewe."

Basi tulichanga nauli. Tukamlimia kwa maksai. Alirudi na mguu unaomkaa vizuri. Sasa anapalilia mihogo yake.

Ndugu msomaji, kijijini kwako yupo mzee kama huyo? Mtembelee. Muulize kwanza anahitaji nini.